Mashine za Mkwe Wangu

Mwanangu alinipigia simu nikiwa nimesimama mlangoni pa mashine yangu ya kusaga, nimejaa unga mpaka kwenye kope. Msagaji alikuwa anamimina debe la mteja wa mwisho, na kwa kelele ile nilisikia maneno mawili tu: chumba, na kuchimba. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikamwambia arudie.

"Mama, baba watoto anaomba kile chumba cha nyuma. Kile mlichokuwa mnawekea mbolea. Anataka kuweka mashine zake za kuchimba."

"Kuchimba nini?"

"Sarafu."

Marehemu mume wangu alipokuwa kijana aliacha shamba akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Alirudi na bati za kuezekea nyumba hii na kifua kibovu, na kifua hicho ndicho kilichomwondoa. Kwa hiyo neno kuchimba kwangu halipiti hivi hivi. Nikamwuliza mwanangu kama mume wake ameingiwa na wazimu wa Chunya, au kama kuna mtu amemdanganya kwamba chini ya chumba changu kuna madini.

Akacheka. "Hachimbi chini, mama. Anachimba kwenye mtandao."

"Kwenye mtandao kuna udongo?"

"Mashine zinakisia namba. Namba ndefu sana, hata haiandikiki ubaoni. Mashine za dunia nzima zinakisia kwa pamoja, na itakayopatia inapata sarafu."

"Anayeitoa hiyo sarafu ni nani?"

"Hakuna anayeitoa. Inatokea tu."

"Kama bahati nasibu."

"Eti hapana, ni kazi kabisa. Mama, mimi nafundisha darasa la tatu. Niulize kujumlisha na kutoa."

Ningeweza, ningempigia mkwe mwenyewe. Lakini kwetu Wahehe mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaketi wakazungumza. Mnaheshimiana kwa mbali. Akija njia hii, wewe unapita ile. Na yeye ni Mnyakyusa, watu ambao mambo ya ukwe wanayashika hata kutuzidi sisi. Tangu amwoe mwanangu, maneno yetu yote yalipita kwa mwanangu, yakitoka kwangu yakiwa marefu na kufika kwake yakiwa mafupi, na kurudi vivyo hivyo.

Nilikubali, na sikukubali kwa sababu nilielewa. Mwaka nilipofanyiwa upasuaji Mbeya, nilikaa kwao mpaka nikapona, na muda wote ule huyu kijana alikuwa anaondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni sana, ili mimi nipate kujinyoosha sebuleni bila kuona aibu ya kukutana naye. Alikuwa fundi kompyuta mjini pale, ana kibanda chake. Siku nyingine hakuwa na kazi yoyote, mwanangu aliniambia, ila aliondoka tu akaenda kukaa huko. Mtu aliyekufanyia hivyo anapoomba chumba cha mbolea, unamnyimaje?

Alichagua kwangu kwa sababu mbili. Mashine zake hazipendi joto, na kijiji chetu kiko juu milimani, mkoa wa Iringa, ambako mwezi wa sita ukiamka asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa baridi. Pili, mimi nina umeme wa njia tatu, ule wenye nguvu wa kuzungushia mota za kusagia. Pale kijijini ni mimi peke yangu niliyekuwa nao.

Alikuja na gari dogo la mizigo. Mimi nilijifungia jikoni, nikawa nachungulia dirishani. Alishusha masanduku ya chuma, kila moja kama debe lililolazwa, lina feni mbele na nyuma. Alitoboa ukuta wa nyuma wa chumba, akapitisha mabomba ya bati ya kutolea hewa ya moto. Juu ya paa akafunga sahani ya mtandao. Alifungiwa pia mita yake mwenyewe ya luku, tusije tukachanganya matumizi. Nilimpelekea ugali na maharage kwa mkono wa msagaji wangu, mzee mwenzangu aliyeanza kazi pale tangu enzi za mume wangu. Mzee akarudi na sahani tupu na uso uliokunjamana.

"Anasema nikusalimie, na anasema ndaga, asante ya kwao," aliniambia. "Halafu anasema tusizizime. Zifanye kazi mchana na usiku."

"Zinafanya kazi gani?"

"Nilimwuliza. Akanieleza vizuri tu, kijana ana adabu. Ila nimetoka mle ndani sina hata neno moja."

Zilipowashwa, ukuta mzima ulianza kunguruma. Fikiria mzinga wa nyuki waliochokozwa, ila nyuki baadaye hutulia. Wiki ya kwanza sikulala vizuri. Wiki ya pili nikazoea, na ikawa umeme ukikatika, ukimya ndio unaoniamsha.

Sasa, kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitarajia. Ile hewa ya moto iliyokuwa inatoka nyuma ya ukuta ilikuwa na nguvu kama upepo wa mlango wa tanuri. Kijijini kwetu miezi ile ya baridi nguo haikauki. Unafua sare ya mtoto Ijumaa, Jumatatu anaivaa ikiwa mbichi. Jirani yangu mmoja alipita pale akiwa amebeba beseni, akaweka mkono mbele ya bomba, akaniita kwa sauti kama ameona nyoka. Nilipofika nikakuta ameshatandaza sweta mbili juu ya miti ya uzio, na mvuke unapanda.

Kabla mwezi haujaisha, nyuma ya mashine yangu pakawa kama soko. Wanawake walifunga kamba kutoka ukutani mpaka kwenye mlingoti. Wakaleta sare, nepi, mablanketi, maharage yaliyonyeshewa shambani. Wengine walikuja tu kukaa, migongo ukutani, wakisuka vikapu na kupiga soga. "Kamwene, mama! Tumekuja kwa mkweo kuota moto," walinisalimia. Nami nilijisikia fahari, sitaficha, ingawa mtu angeniuliza fahari ya nini, nisingejua pa kuanzia.

Watoto wa mjini wanasema vitu hivi ni vya kawaida. Kwetu havikuwa vya kawaida. Mwenye duka mmoja alianza kulalamika kwamba mauzo yake ya jioni hayatoshi, akihesabu anakuta pengo. Akasema ni chuma ulete. Yaani ule uchawi unaovuta fedha kutoka kwenye droo ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine. "Mashine inaleta hela bila kuuza kitu, bila kulima kitu," alisema. "Hizo hela zinatoka kwa nani?" Watu walimcheka. Lakini mimi niliporudi nyumbani sikucheka, maana swali lake lilikuwa lile lile nililomwuliza mwanangu, na jibu alilonipa halikunitosha.

Nikaamua kuuliza mtu wa mjini. Iringa kuna duka la vipuri ninakonunua mikanda ya mashine. Mwenyewe ni Mhindi, amezaliwa pale pale, na baba yake ndiye aliyemuuzia mume wangu mota ya kwanza. Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza: masanduku, feni, kukisia namba, sarafu.

"Aa, hizo nazijua," alisema. "Mjukuu wangu alitaka kuniingiza humo, nikakataa. Mama, kuna nchi serikali zimepiga marufuku kabisa. Umeme wao hautoshi, halafu mashine hizi zinakula umeme kama nzige. Watu wakaambiwa wazime. Basi wakaziuza kwa bei ya kutupa, zikatawanyika kila mahali. Labda hizo za kwako ni wakimbizi."

"Kama kwao zimekataliwa, huku kwetu zimekubaliwa na nani?"

Akatafakari, akikunja mkanda wangu kwenye gazeti. "Hilo sijui. Kukataliwa sijasikia. Kukubaliwa pia sijasikia."

Nilipanda gari kurudi nikiwa na mkanda mpya na kichwa kizito kuliko nilivyokuja nacho.

Mvua za mwaka ule zilichelewa. Redioni wakaanza kutangaza kwamba maji kwenye mabwawa yamepungua, umeme utakuwa wa mgao. Kwetu ukaanza kuja na kuondoka bila utaratibu wowote, na hata ukija ulikuwa mdogo. Taa ziliwaka njano kama yai la kienyeji. Mota yangu ya kusagia ilivuma tu, mmm, mmm, bila kuzunguka, na msagaji akaizima haraka isije ikaungua. Wateja walikaa foleni na madebe yao tangu asubuhi, na nyuma ya ukuta wakasikia mashine za mkwe wangu zinanguruma kama kawaida. Yeye alikuwa ameziwekea kifaa cha kunyanyua umeme, stebilaiza. Hata ukija mdogo, zenyewe zinashiba.

Mama mmoja ambaye tumelelewa naye alisimama na debe lake kichwani, akasikiliza ile ngurumo, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo za mkweo zinashiba, sisi tulale njaa?"

Nilimpigia mwanangu, nikamwambia amwambie mwenzake azime mchana ili watu wasage. Kabla sijaweka simu mfukoni, kule nyuma kukawa kimya. Nilishtuka. Yeye alikuwa Mbeya, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwenye khanga yangu. Kumbe alikuwa anaweza kuzizima kwa simu yake. Wateja waliosikia ule ukimya uliokuja mara moja walitazamana, na mmoja wao akabeba debe lake akaondoka.

Jambo lililonichanganya kuliko yote ni hili. Ukimya ule haukusaidia kama tulivyotegemea. Siku moja mashine zikiwa zimezimwa tangu asubuhi, mota yangu ilikataa kuwaka mpaka jioni. Siku iliyofuata kijana alisahau kuzizima, zikanguruma mchana kutwa, na mota ikawaka, tukasaga madebe ya watu wote. Siku ya tatu ikawa kinyume tena. Mzee msagaji na mimi tulikaa juu ya magunia ya pumba tukijaribu kutafuta mpangilio. Tulidhani labda ni saa. Tukadhani ni upepo. Tukadhani ni kiwanda cha mbao cha kijiji cha pili, mzee akatuma mtu kuuliza, wakasema na wao wanatulaumu sisi.

Katika siku hizo alifika bwana mmoja kwa pikipiki, akasema anashughulika na mambo ya madini, amesikia kuna watu wanachimba bila kibali. Nikamwambia ni kweli wanachimba, lakini hakuna shimo. Akazunguka nyumba yangu akitazama chini, akachungulia hata kwenye shimo la takataka. Nikamfungulia chumba. Akasimama mlangoni, feni zikampulizia koti, akaondoka akisema hilo si lake. Nilimwuliza ni la nani. Akasema, "Kwa kweli, mama, hata mimi ningependa kujua."

Baada ya wiki chache mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mkwe wangu aliitwa kutoka Mbeya, akaja na mwanangu. Tulikusanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, watu wengi kuliko wanaokuja kwenye mikutano ya barabara. Bwana mmoja kutoka ofisi ya wilaya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mwenyekiti akaanza kwa kuniita mimi.

"Mama, tunaomba utuambie. Kwenye chumba chako kuna nini?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kusema namba, kukisia, dunia nzima. Lakini nilipofungua mdomo nikaona macho ya watu niliowasagia unga tangu wakiwa wasichana, na nikasema lililokuwa kweli.

"Sijui."

Kukawa na mnong'ono, na kicheko cha wanaume waliotoka kunywa ulanzi. Nikaketi. Ndipo mkwe wangu akasimama upande wa pili, amegeuza bega kidogo ili tusitazamane, hata pale mbele za watu. Akaeleza taratibu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu anayependa anachokisema. Alisema hizi ni fedha zisizo na benki, kwamba vijana wa huku milimani nao wanaweza kuwa sehemu ya dunia, kwamba hajaiba umeme, kila tone amelinunua.

Bibi mmoja akainua mkono. "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Hizo hela ukizipata, unazishika?"

"Hazishikiki, bibi. Ziko kwenye simu."

"Unaweza kununulia chumvi hapa kwetu?"

"Hapa bado."

"Basi umeme unaotumika unashikika," bibi alisema, "maana mimi nimekaa gizani nimeuona ulivyokosekana." Akakaa.

Bwana wa wilayani akasimama kutoa uamuzi. Alisema umeme ni mchache, lazima uende kwanza kwenye zahanati, shule, maji, na mashine za chakula. Alisema nchi kadhaa zilizoendelea kutuzidi zimezuia uchimbaji huu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kuanzia sasa kompyuta zozote zinazofanya kazi mfululizo kwa ajili hiyo zizimwe na ziondolewe, mpaka hali itakapotengemaa.

Mwenye duka la kutoa kopi akauliza kama na mashine yake inahusika. Bwana akasema atauliza. Mwingine akauliza, hali ikitengemaa zinarudi? Bwana akasema hilo nalo atauliza. Mkwe wangu akauliza kwa upole sana ni sheria gani inayosema hivyo, ili aisome. Bwana akamtazama kidogo, akasema, "Kijana, mimi nimeelezwa nije nizuie. Wewe zima." Hakusema kwa ukali. Nilimwona naye ni kama mtu aliyebebeshwa mzigo bila kuambiwa ndani mna nini.

Tulirudi nyumbani. Mwanangu alikwenda dukani kununua sukari, kwa hiyo tulibaki mimi na mkwe, kila mtu upande wake. Yeye aliingia chumbani. Mimi nikazunguka nyuma, kuwaondoa wanawake na nguo zao, lakini nikakuta kamba ziko tupu, walishachukua kila kitu. Nikasimama pale kwenye joto. Nikasikia sanduku la kwanza likizimwa. Sauti ya feni ilishuka polepole, kama mtu anayeishiwa pumzi. Kisha la pili. Aliendelea hivyo mpaka la mwisho, na bomba lililokuwa mbele yangu likaacha kupuliza.

Halafu nikasikia analia. Hakulia kwa sauti. Ni ile pumzi inayokwama.

Mwanangu alikuwa bado hajarudi. Ingekuwa zamani, ningeondoka kimyakimya, na ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Lakini miguu haikutaka. Nikafikiri: hatuonani. Kuna ukuta. Nikasogeza mdomo karibu na bomba.

"Baba," nikasema.

Kisha sauti yake ikaja kupitia bati, karibu kama amesimama begani kwangu. "Naam, mama."

Yalikuwa maneno ya kwanza ambayo hayakupita kwa mtu.

"Baba, hicho ulichokuwa unakichimba, ulikipata?"

"Nilipata kidogo, mama. Mwanzoni. Kisha bei yake ikashuka, ikapanda, ikashuka. Umeme ulipoanza kukatika, nikawa sipati. Niliuza kibanda changu ili ninunue hizi. Mwanao anajua. Nilidhani nimeona njia ambayo wengine hawajaiona."

"Na uliielewa hiyo njia?"

"Nilivyokuwa naisoma, nilielewa. Mama, nikisoma naelewa kabisa. Nikifunga kitabu, nikisimama mbele ya yule bibi wa chumvi, nakuwa sielewi tena. Sijui ni yeye aliyekuwa anauliza vibaya, au ni mimi."

Nilitamani nimpe neno la mtu mzima. Tunatarajiwa kuwa nalo. Nikatafuta, sikuliona. Nikamwambia, "Mimi pia sijui, baba. Njoo, chakula kipo. Nitakuwekea, nitapita upande ule."

"Ndaga, mama," akasema.

Mwanangu aliporudi alitukuta kila mtu mahali pake, na mimi sikumwambia. Nadhani hata mwenzake hakumwambia.

Masanduku yalipelekwa Tunduma. Kulikuwa na mtu aliyesema atayavusha mpaka, huko ng'ambo anajua pa kuyaweka. Kama yalifika, kama yalizuiwa, hatukuwahi kujua. Chumba kikabaki na mashimo ukutani, na upepo wa baridi ukawa unaingia kwa kupitia pale palipokuwa panatokea joto.

Umeme ulibaki mdogo.

Hilo ndilo watu hawakulitegemea. Mashine zimeondoka, taa bado njano. Mwezi wa kwanza walisema ni mabaki ya uharibifu wake. Mwezi wa pili wakanyamaza. Mvua zilinyesha hatimaye, redio wakatangaza mgao umekwisha, na kwetu mota bado ilivuma bila kuzunguka kila baada ya siku chache. Nusu ya wateja wangu walishahamia kwenye mashine ya dizeli ng'ambo ya bonde, na wengine hawajarudi mpaka leo, wakinikuta njiani wanaangalia shamba. Mwishoni walikuja mafundi wa umeme, wakapanda nguzoni, wakateremsha transfoma ya zamani, wakafunga nyingine kubwa zaidi. Siku hiyo hiyo taa zikawa nyeupe.

Nilimfuata fundi mmoja alipokuwa anakunja kamba yake. "Baba, nikuulize. Kulikuwa na mashine za kompyuta hapa, zilizuiwa. Ndizo zilizotuharibia?"

"Zilikuwa nyingi?"

Nikamweleza. Akatazama juu kwenye nguzo, akatazama chini.

"Inawezekana, mama. Ile transfoma ilikuwa ndogo na imechoka. Zingeweza kuimaliza. Au ilikuwa imeshakufa kabla hazijaja. Kufungua ile ya zamani na kuangalia, hilo haliko kwenye kazi yangu ya leo."

Nilirudi nikaketi na mzee msagaji. Nikamwambia alichosema fundi. Akauliza, "Kwa hiyo zile mashine tulizifukuza bure?" Nikasema labda. "Au tulipaswa kuzifukuza mapema?" Nikasema labda pia. Tukawasha mota, maana angalau hiyo ilikuwa inawaka.

Mkwe wangu hakurudi kwenye kibanda. Rafiki yake alimtafutia kazi Rujewa, kule tambarare za Usangu, kwenye kinu kikubwa cha mpunga. Wana mashine inayotazama mchele punje kwa punje na kutoa zile nyeusi, na wanahitaji mtu wa kuihudumia. Mwaka huu mwanangu alihamishiwa shule ya huko huko, nikaenda kuwasaidia kupanga nyumba. Joto la Rujewa si la mtu wa milimani. Nilivua sweta stendi na sikuivaa tena mpaka nilipoondoka.

Siku moja mwanangu alinipeleka kinuni. Uani kulikuwa na malori, na ng'ombe wa Wasukuma wakipita barabarani kwa vumbi. Mkwe wangu alipotuona alisogea ng'ambo ya mashine, akatuonyesha kutoka huko. Mchele ulikuwa unashuka kwenye kioo kama mvua, na upande mmoja punje nyeusi zilikuwa zinaruka zenyewe, puu, puu, zikipigwa na hewa. Nilitumbukiza mkono kwenye mchele uliotoka. Ulikuwa na joto kidogo.

"Mwulize inajuaje ipi ni mbaya," nilimwambia mwanangu.

Mwanangu akauliza. Mwenzake akaeleza, na safari hii sikungoja maneno yapite kwa mwanangu. Ina macho, alisema, inapiga picha, inalinganisha. Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa picha, nilielewa macho. Nikataka kuuliza tena: na punje iliyo nusu nyeusi, nusu nyeupe, anayeamua ni nani? Kabla sijamwambia mwanangu aulize, umeme ukakatika. Mchele ukakwama kwenye kioo, mikanda ikasimama, wafanyakazi wakaguna na kutoka nje kutafuta kivuli.

Tulisimama mle ndani tukisubiri. Mwanangu alinipepea kwa khanga. Ng'ambo ya mashine, mkwe wangu alikuwa ametoa simu yake, anaitazama, kisha akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Sikujua anaangalia nini. Ningeweza kumwuliza, hakukuwa na hata ukuta, lakini sikumwuliza. Mwanangu akasema labda umeme utarudi baada ya muda mfupi, na labda ni mpaka jioni, huku huwa haujulikani.